Skrini ya Kibanda cha Soja

Vijana wangu, nimewaona mkibadilisha skrini. Mmoja wenu anaingia ofisini na skrini mpya chini ya kwapa kama gazeti, simu iko sikioni, anachomoa waya wa zamani, anachomeka mpya, na anaondoka kabla chai ya karani haijapoa. Ile ya zamani anaisukuma kwenye kona, uso ukutani, kama mtoto aliyeadhibiwa. Kazi imeisha, sahihi imewekwa, kwaheri. Mimi siwagombezi. Nauliza tu kama kuna aliyeiangalia.

Kazi yangu ilikuwa hiyo hiyo yenu. Nilikuwa na kibanda cha ufundi Migori, kando ya barabara ya Isebania, ila humo nilikaa kwa nadra. Popote palipokuwa na kompyuta na karani aliyekasirika, Rangwe, Homa Bay, Karungu, niliitwa mimi. Nilianza na skrini zile za kisogo kirefu, nzito kama jiwe la kusagia, nikastaafu zikiwa nyembamba kama sinia. Mengi niliyojifunza nimeyasahau, na mengine hayana faida tena. Lakini hili bado nawaachia: kabla hujaitoa skrini ya zamani mezani, izime, kisha iangalie.

Skrini zile za zamani zilipakwa unga ndani ya kioo, na unga huo ndio uliowaka ukatoa picha. Picha moja ikikaa mahali pamoja kwa muda mrefu, unga wa pale unaungua, na kovu halitoki tena. Ukizima unaliona wazi. Kuna ofisi moja Rangwe, jina nitaliacha, mkubwa wake alisifiwa kwa uchapakazi. Anafika wa kwanza, anatoka wa mwisho, na mlango umefungwa kutwa. Siku nilipompelekea skrini mpya nilizima ile ya zamani mbele ya watu wake, nikaipangusa vumbi, na kovu likajitokeza: safu za karata, zimepangwa vizuri kabisa, tayari kwa mchezo. Hakuna aliyecheka mpaka mkubwa alipotoka kwenda msalani. Tangu siku hiyo, kila nilipofika pale chai yangu ilikuja na maandazi.

Kwa hiyo msidhani nilikuwa mtu wa kuogopa vioo. Makovu yalinichekesha. Niliweza kusoma tabia ya ofisi nzima kwenye skrini iliyozimwa.

Aliyenifundisha kazi ni Chacha, Mkuria mfupi mwenye hasira za haraka na mikono ya upole. Skrini hakuziita vitu. Kwake kila moja ilikuwa "huyu". Akiniona nimeibeba vibaya ananiambia, "Wewe, uzito wake wote uko usoni. Mkumbatie. Uso kifuani, kisogo nje. Ukimgeuza atakuangusha." Na kweli ndivyo zilivyobebwa zile skrini, kioo kimekugusa kifua, baridi yake inapita shati.

La pili lilikuwa kubwa zaidi. "Ukichomoa waya," alisema, "usifikiri amekufa. Bado ana kitu ndani." Skrini ya kisogo ilihifadhi umeme kwenye ile chupa yake ya kioo, hata baada ya kuzimwa. Kabla ya kuigusa ndani ilibidi umeme ule utolewe: unafunga waya kwenye bisibisi, upande wa pili unaufunga kwenye chuma cha fremu, unaingiza ncha ya bisibisi chini ya kifuniko cha mpira kilicho mgongoni mwa chupa, na mkono wako wa pili unauweka mfukoni. Mfukoni, vijana! Mikono yote miwili ikiwa ndani, umeme unapita kifuani kuelekea mkono wa pili, na moyo uko njiani. Mara moja nilijifanya mjuaji nikatumia mikono miwili. Nilijikuta nimekaa juu ya gunia la viazi la jirani, midomo inanicheza, na Chacha amesimama juu yangu anasema, "Sasa mmesalimiana."

Sasa niwapeleke Karungu.

Kule ziwani kulikuwa na kampuni ndogo ya kununua samaki. Walikuwa na kamera moja iliyoangalia gati pale mizani ilipokuwa, na skrini yake ilikaa kwenye kibanda cha soja. Gatini kulikuwa na taa kali iliyowaka usiku kucha, na chini ya taa hiyo kulikuwa na kiti cheupe cha plastiki. Kiti hicho kilikuwa cha Okumu, karani wa mizani. Nilimjua. Kila nilipopita alininyooshea mkono uliojaa magamba ya samaki, akicheka anaponiona nikisita. Alivaa koti jeupe la kazi na kofia nyeupe, na alikaa ameinama mbele kidogo, viwiko magotini, macho ziwani.

Okumu alikufa ziwani. Alivuka kwenda kumwona dada yake kisiwani, upepo ukawageukia, mashua ikapinduka. Wenzake waliokotwa mmoja mmoja, wengine wazima, wengine maiti. Yeye hakuonekana. Tangu hapo hakuna aliyetaka kukaa pale alipokaa. Karani mpya aliihamishia mizani ndani ya jengo, lakini kiti hakukigusa mtu. Kilibaki chini ya taa.

Mtu akipotea majini na mwili usipatikane, watu wetu wana njia yao. Wanachukua tunda la yago, lile refu na zito kama mguu wa mtoto, wanalizika mahali pa mwili, na mji unapumua. Lakini mkewe, ambaye kila mtu alimwita Nyar Rangwe kwa sababu kwao ni huko, alikataa. Alisema hawezi kumlilia mume kwa tunda. Hakupiga nduru. Na mke asipopiga nduru, msiba haujafunguliwa: mbegu haiingii ardhini, shamba halilimwi. Mvua zilikuja zikapita, shamba la boma lile likaota magugu mpaka mlangoni, na watoto wakala kwa majirani. Shemeji yake Odongo, kaka mkubwa wa Okumu, alikuwa amemsihi mpaka akachoka. Haya yote niliyasikia juu juu, kama mnavyosikia ninyi mambo ya watu wa ofisi mnazopita.

Ndipo skrini bapa zikaja, na meneja akaniita nibadilishe ile ya kibanda cha soja.

Nilifika asubuhi, jua limeshapanda. Soja wa usiku, kijana wa Kikuria aitwaye Marwa, alikuwa hajaondoka. Alikuwa amekaa nje juani, ameupa mlango wa kibanda mgongo.

"Fundi, umekuja kumtoa?" akauliza.

"Kumtoa nani?"

"Ingia ujionee. Lakini usizime hiyo kitu. Ukizima ndio anaonekana poa."

Nikaingia. Skrini ilikuwa inawaka, inaonyesha gati, kiti kitupu, na maji nyuma yake. Masoja walikuwa wameipandisha mwanga hadi mwisho kwa sababu kamera ilikuwa dhaifu, kosa lile lile nililolikuta kila mahali. Nikabonyeza swichi. Picha ikajikunja ikawa nukta, nukta ikafa.

Akabaki yeye. Pale palipokuwa peupe paliungua pakawa peusi, kwa hiyo alikuwa mtu mweusi kwenye kioo cha kijivu. Mabega, mikono ya koti, kofia. Ameinama mbele kidogo, viwiko magotini. Uso hakuwa nao, chini ya kofia palikuwa tu na doa. Nakiri nywele za shingo zilinisimama. Kisha fundi aliye ndani yangu akaamka, nikacheka.

"Marwa, hii ni kovu," nikamwambia, na nikamweleza habari ya unga na kuungua, na karata za Rangwe. "Okumu alikaa pale miaka na koti jeupe chini ya taa. Kioo kimemshika. Hakuna zaidi."

Hakucheka. "Kovu inakuja na kuenda?"

"Inakuja wapi?"

"Alfajiri, kama bado giza. Natazama skrini, kiti ni tupu. Nageuka kumimina chai, nikirudi huyu amekaa. Mashua zikiingia, ameenda. Hata leo alikuwa."

"Na ukitoka nje kumwangalia?"

Marwa alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama anaweza kula moto. "Kutoka nje nifanye nini na yeye, fundi?"

Nikamwambia macho yaliyochoka huona kovu likitembea, na hilo nililisema kwa sauti ya mtu anayejua. Marwa hakubishana. Alimpigia Odongo simu.

Odongo alifika upesi, kofia mkononi, jasho linamtoka. Akasimama mbele ya kioo kile muda mrefu.

"Fundi, wewe ndio umesoma hizi vitu. Huyu ni nani?"

"Ni Okumu, jaduong'," nikajibu. "Amebaki hapa."

Nilijisikia mtu mkubwa niliposema hivyo. Mzee aliweka kiganja juu ya skrini, akasema, "Basi hatuhitaji yago." Akatuma mtu amwite Nyar Rangwe.

Alikuja na kitambaa cha kichwani kimefungwa chini, mwanamke mwembamba, miguu ina tope la njia ya ziwani. Alisimama mlangoni kwanza. Kisha akaingia, akainama, na akamwangalia yule mtu wa kwenye kioo. Nilitegemea alie au atoke mbio. Aliangalia tu, kichwa akikiinamisha upande huu na upande ule, jinsi mtu anavyojiangalia kwenye dirisha la duka. Doa la mahali pa uso aliligusa kwa kidole kimoja.

"Huyu," akasema, "huyu nitamzika."

Odongo aliiangusha kofia.

Meneja alipoulizwa kwa simu alisema ichukuliwe, ilikuwa ya kutupwa hata hivyo. Mimi nikasema langu la kifundi: kioo kile kina sumu ya madini ya risasi, kichimbiwe mbali na kisima. Odongo akanijibu, "Hata watu tunawazika mbali na kisima, nyathina, mwanangu." Basi nikafunga skrini mpya, ikachukua muda mfupi kuliko maelezo yake, na watu wakatangulia kwenda kuchimba. Nyar Rangwe alibaki aniongoze njia. Alitaka kutembea na skrini.

Nikaiinamisha ili niishike chini. Hapo ndipo nikaona doa jekundu.

Niwaeleze doa hilo. Kila skrini niliyoitoa mimi mwenyewe kwenye katoni ikiwa mpya, niliitia chini nukta ya rangi ya kucha ya mke wangu, ili kesho mtu asiniambie nimemletea mtumba. Skrini ya kwanza ya kibanda kile sikuifunga mimi, niliikuta pale. Hii yenye nukta yangu isingekuwa hapo kama si mimi niliyeileta. Na nikakumbuka. Kuna msimu radi ilipiga ukanda mzima wa ziwa, ikaua mashine nyingi, nikazunguka nikibadilisha ofisi baada ya ofisi mpaka zikachanganyika kichwani. Karungu ilikuwa mojawapo. Na siku niliyofika Karungu, hakuna aliyeninyooshea mkono wa magamba. Watu walikuwa wamejipanga ufukweni, wanangoja mashua zilizokwenda kumtafuta Okumu.

Skrini ile haikuwahi kumwona Okumu hata siku moja.

Nilisimama pale nimeikumbatia. Uso kifuani, kama nilivyofundishwa. Baridi ya kioo ilipita shati, na nikawaza habari ya yule aliyekuwa upande wa pili wa kioo, mabega yake juu ya mbavu zangu. Ningeitupa, lakini Nyar Rangwe alikuwa ameshatoka nje ananingoja.

Tulipita njia ya wachota maji, inayofuata ufuko mpaka bomani kwake. Alitembea kando yangu. Niliyumba chini ya uzito ule, na lililokuwa moyoni lilinilemea zaidi. Odongo alikuwa akichimba kaburi kwa neno langu. Nikasimama.

"Mama, nimekosea kule ndani. Hii skrini ilikuja Okumu akiwa ameshapotea. Huyu aliye hapa si yeye. Sijui ni nani."

Alisimama pia. Hakushtuka.

"Najua," akasema.

Akaangalia maji kidogo, kisha akanieleza polepole, kama anayemweleza mtoto wa mtu mwingine.

"Koti yake ya pili na kofia zilibaki kwa kamba siku ile alivuka. Alfajiri kulikuwa na baridi, nikavaa. Nilitaka kuona mashua zikirudi kabla watu hawajaamka wakaanza kuniangalia. Nikapita hii njia, nikakaa kwa kiti yake. Kesho nikaenda tena. Nilikuwa nikikaa vile yeye alikuwa anakaa. Ukikaa hivyo, ni kama hujaachwa."

"Kwa hivyo huyu ni wewe."

"Alikuwa mimi."

Nikashusha pumzi. Unaona, nikajiambia, kila kitu kina sababu yake. Nikataka hata kutabasamu.

"Lakini hii mvua ikianza," akaendelea, "mtoto alishikwa na malaria, nikaacha kwenda. Koti nikakunja nikaweka kwa sanduku. Sijakanyaga pale tena." Akageuka akaniangalia. "Soja wako alisema alimwona mwisho lini?"

Marwa alikuwa ameniambia asubuhi ile ile. Hata leo alikuwa.

"Mimi nimeacha, fundi," akasema. "Yeye ndiye hajaacha. Nikiweka mbegu chini na huyo bado anangoja pale, nani atavuna?"

Tukaendelea. Sijawahi kubeba kitu kizito kama kile, kabla wala baada.

Kaburi lilikuwa limechimbwa upande wa kulia wa nyumba yake, mahali pa mwenye boma. Odongo na wazee walisimama wamevua kofia, na majirani wachache walikaa kando, kimya, kwa sababu hapakuwa na ruhusa ya kulia. Nikaiweka skrini kwenye mkeka. Nikawaambia siwezi kuiacha iingie chini hivyo, watoto au mbwa wasije wakafukua wakaumia. Hilo lilikuwa kweli. Kweli nyingine ni kwamba nilisikia sauti ya Chacha: usifikiri amekufa, bado ana kitu ndani.

Nyar Rangwe aliingia nyumbani akarudi na koti jeupe, limekunjwa vizuri, kofia juu yake. Alipiga magoti upande wa kioo. Mimi nilikuwa upande wa kisogo. Nikafungua skrubu, nikatoa kifuniko, nikafunga waya wangu kwenye fremu. Mkono wa kushoto nikautia mfukoni. Nikaingiza ncha ya bisibisi chini ya mpira.

Nimefanya hivyo mara nyingi kuliko ninavyoweza kusema. Kwa kawaida, skrini iliyochomolewa tangu asubuhi hutoa mlio mdogo, kama kijiti kinachovunjika, au haitoi kabisa. Ile ilipiga *pa!* na mwanga wa buluu ukaonekana mchana kweupe, na mbwa wa boma jirani wakabweka. Kisha ikatoka harufu, ile ya hewa baada ya radi.

Na Nyar Rangwe akapiga nduru.

Ilianza chini, kama inatafuta njia, halafu ikapanda ikajaa uwanja mzima. Alilitaja jina la Okumu, na jina la babake Okumu, na akajitaja yeye mwenyewe, binti wa Rangwe, aliyeachwa. Koti lilimwanguka mikononi. Odongo alikaa chini kwenye udongo aliouchimba akalia kama mtoto. Na kutoka maboma ya jirani wanawake wakaitikia, mmoja, kisha mwingine, mpaka kule juu barabarani, kwa maana kila mtu alikuwa akiisubiri sauti ile. Mimi nililia pia. Mkono wangu ulikuwa bado mfukoni.

Tuliizika na koti na kofia. Nilichungulia kioo mara ya mwisho kabla ya udongo, na niwaombe mniamini au msiniamini, hiari yenu: kovu halifutiki, hilo nimewafundisha mwenyewe. Nilichokiona ni kiti kitupu.

Alfajiri iliyofuata simu yangu ililia. Alikuwa Marwa.

"Fundi, hii skrini mpya ni safi. Naona hadi mawimbi."

"Na kiti?"

"Kiti iko peke yake. Nimeenda mpaka hapo, nimeigusa na mkono. Hakuna mtu."

"Umetoka nje?"

"Nimetoka," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelala vizuri.

Siku za matanga zilipoisha, Nyar Rangwe aliingia shambani kwanza, akaweka mbegu ya kwanza kwa mkono wake, na watoto wakamfuata. Nilipopita msimu ule mahindi yalikuwa yamefika kifuani, na yeye alinisalimia kutoka katikati yake bila kuacha kupalilia.

Sasa nanyi mtaniambia skrini za leo hazina unga wala chupa, haziungui namna ile. Najua. Ila hata bapa hushika kivuli ikiachwa na picha moja, na hakuna ofisi isiyo na mtu aliyekaa mahali pamoja muda mrefu kuliko alivyopaswa. Kwa hiyo zimeni kwanza, muangalie. Mkikuta karata, chekeni. Mkimkuta mtu, ulizeni ni nani anayemngoja, kisha mtoeni pale taratibu, kama nilivyofundishwa, uso kifuani.